Anayehesabu Usingizi

Masaa saba. Hiyo ndiyo namba ya nyumba yetu. Kaka yangu akilala masaa saba, siku tatu mfululizo, kila kitu kiko poa. Yakishuka hadi matano naanza kuwa macho. Yakifika matatu, na bado anaamka akiimba, anaosha vyombo vya jana, anapanga viatu vya ploti nzima kwenye ngazi, najua tuko na siku nne au tano kabla mambo hayajaharibika.

Hii hesabu sikufundishwa na mtu. Haiko kwenye faili yake hospitalini, na hiyo faili ni nene kama Biblia ya nyanya. Nimeipata kwa kuishi naye nyumba moja, vyumba viwili, Umoja, kwa miaka tisa. Mimi ndiye husikia mlango wa choo ukifunguliwa saa nane usiku. Mimi ndiye hujua kama amelala usingizi ama amelala tu akiangalia dari.

Kaka ana baipola. Kwa asiyejua: kuna majira mtu anapanda juu, mawazo yanakimbia kuliko mdomo, usingizi unaonekana kupoteza wakati, pesa inatumika kama iliyookotwa. Halafu kuna majira anashuka chini mpaka kuoga tu kunakuwa kazi ya siku nzima. Katikati ya hizo mbili kuna mtu wa kawaida, na huyo ndiye ninayeishi naye muda mwingi. Ni fundi wa simu, shabiki wa Gor Mahia, na hupika chapati zinazoshinda zangu, jambo ambalo hachoki kunikumbusha. Jina lake nimeliacha nyumbani. Yeye ndiye aliomba hivyo.

Nataka tuongee juu ya hiyo namba saba, na kwa nini hospitalini haina mahali pa kuandikwa.

*

Hospitalini mimi huitwa mtu wa mgonjwa. "Mtu wa huyu mgonjwa ako wapi?" Nesi akiita hivyo, nasimama. Kawaida huwa ni moja ya mambo matatu: kuna dawa imeisha nikanunue nje, kuna malipo, ama kuna mahali pa kuweka sahihi. Nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, uhusiano na mgonjwa. Hapo kwenye uhusiano naandika "dada". Fomu inaishia hapo.

Kwenye vitabu na semina tunaitwa walezi. Kaka hapendi hilo neno hata kidogo. "Nimekutangulia miaka minne duniani," huniambia, "utanilea vipi?" Na ana haki. Hilo neno linamfanya yeye mtoto na kunifanya mimi mtakatifu, na anayetujua atakuambia hatuko hivyo. "Mtu wa mgonjwa" angalau ni la ukweli. Mimi ni mtu wake, kama yeye alivyo mtu wangu. Nilipougua malaria nikiwa chuo Eldoret, nani alikuja na basi la usiku akiwa na supu kwenye thamosi? Ni yeye. Hakuna aliyemwita mlezi siku hiyo. Aliitwa kaka, basi.

Kwa hivyo jina si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba mtu wa mgonjwa huulizwa kila kitu isipokuwa kile anachokijua.

Wacha nikupe mfano. Kuna mwaka kaka aliacha dawa. Faili yake iliandikwa, kwa ule mwandiko wa haraka, maneno yenye maana kwamba mgonjwa hashirikiani na matibabu. Niliyaona nikiwa nimebeba faili kutoka chumba namba nne kwenda namba tisa, kwa sababu mtu wa mgonjwa pia ndiye hubeba faili. Hashirikiani. Ukilisoma hilo neno bila kumjua, unaona mtu amekunja mikono amekataa.

Nyumbani tulikuwa tunaijua sababu. Moja ya dawa zake ilikuwa valproati, na valproati inaweza kufanya mikono itetemeke. Mwalimu anaweza kuvumilia mkono unaotetemeka kidogo. Mtu wa kuuza nguo pia. Lakini kaka hufungua simu. Skrubu za ndani ya simu ni ndogo kuliko punje ya mtama. Unaishika na kibanio, unashikilia pumzi, na mkono ukiruka kidogo tu, umekata waya wa skrini ya mteja ambaye hataki kusikia habari ya dawa. Ndani ya wiki moja aliharibu skrini mbili. Usiku huo alikaa kitandani akapiga hesabu: dawa, skrini, kodi ya nyumba. Akachagua kodi.

Ukimwita huyo mkaidi, basi sisi wote tunaokimbizana na landlodi kila tarehe tano ni wakaidi.

Ilichukua miezi mingi, na kulazwa mara moja, kabla ya mtu kuuliza. Alikuwa tabibu kijana, pengine rika langu, na swali lake lilikuwa jepesi: "Kwani wewe hufanya kazi gani?" Kaka akamwambia. Halafu tabibu akanigeukia. "Na wewe, nyumbani umeona nini?"

Nikatoa daftari kwenye mkoba.

Ni daftari la kawaida la mistari. Si la siri. Linakaa juu ya friji na kaka mwenyewe huandika ndani. Lina safu tatu: amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, na kitu kimoja cha siku hiyo. "Amegawia majirani unga wetu wote." "Hajafungua kibanda." "Amecheka na mama kwa simu." Siku hizi lina safu ya nne, ambayo aliianzisha yeye bila kuniambia. Ni ya masaa yangu. Kuna mahali ameandika, "Dada: manne. Aache simu."

Tabibu alisoma kurasa nane. Niliangalia saa ya ukutani: dakika sita. Kisha akatoka kumwita daktari wa akili, wakaongea sisi tukiwa hapo hapo. Wakaamua dozi ya ile dawa ishushwe polepole wakiangalia. Dawa yake ya usiku nayo ikasogezwa kutoka saa tatu hadi saa moja jioni, kwa sababu daftari lilionyesha asubuhi zake zote zinamezwa na usingizi. Tukapewa tarehe ya kurudi mapema. Mikono ikatulia. Sisemi ugonjwa uliisha, hauendi hivyo. Nasema kibanda kilifunguliwa.

Sasa, hizo dakika sita zilitokana na nini? Moyo mzuri wa mtu mmoja, siku moja, ambayo foleni haikuwa mbaya. Tabibu huyo alihamishwa mwaka uliofuata. Aliyekuja baada yake alikuta faili nene, na ndani yake lile neno: hashirikiani. Tukaanza upya. Hapo ndipo nilianza kufikiria kwamba kile tunachokijua nyumbani hakifai kutegemea bahati. Kinahitaji mahali pake kwenye mpango wenyewe: kwenye kadi, kwenye ratiba, kwenye bajeti.

*

Si wazo geni. Kuna watu waliliona kabla mama yangu hajazaliwa.

Mwaka 1954, huko Aro karibu na mji wa Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alifanya jambo ambalo wakoloni hawakuwa wamelifikiria. Badala ya kuwafungia wagonjwa wake wote ndani ya kuta, aliwapanga wakae kwenye vijiji vilivyo jirani na hospitali, kila mmoja akiwa na ndugu yake angalau mmoja. Mchana ni matibabu hospitalini. Jioni ni kijijini, ambako kuna moto, chakula, kelele za watoto na shamba. Yule ndugu alikuja kupika na kufua, ndiyo, lakini pia alikuwa pale kuona. Lambo alijua kwamba siku ya kurudi nyumbani ikifika, huyo ndugu ndiye atakayebaki na mgonjwa. Baadaye Lambo alikuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, kwa hivyo huwezi kusema alikuwa mtu wa pembeni.

Miaka hiyo hiyo ya 1950, upande mwingine wa bahari, kwenye hospitali ya akili ya Amritsar kule India, daktari Vidya Sagar aliruhusu familia zipige hema ndani ya uwanja wa hospitali na kukaa karibu na wagonjwa wao. Hebu fikiria: hospitali ya akili imezungukwa na mahema, watu wanapika, wanauliza maswali, wanajifunza ugonjwa wakiutazama kwa macho.

Napenda hizi hadithi mbili kwa sababu hazikutoka London. Lakini nikizisoma naona pia mpaka wake. Familia iliitwa kushiriki katika mpango wa daktari. Mpango wenyewe ulikuwa wake. Hatua ya kumketisha ndugu mezani wakati mpango unaandikwa ilichelewa sana kila mahali. Uingereza, kwa mfano, ni mwaka 2010 tu ndipo walitoa mwongozo unaoitwa Triangle of Care, uliotokana na kazi ya walezi pamoja na wahudumu. Wazo lake ni pembetatu: mgonjwa, mtu wake wa nyumbani, na mhudumu. Upande mmoja ukikatika, pembetatu inalala chini.

Na sisi Kenya? Sisi tulirithi ukuta. Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910, enzi za mkoloni, na watoto wa Nairobi tumekua tukilitumia hilo jina kama tusi la uwanjani. Sheria yetu ya afya ya akili ni ya mwaka 1989. Mwisho wa 2019 serikali iliunda jopokazi likiongozwa na Dkt. Frank Njenga, likakusanya maoni ya wananchi, na mwaka 2020 likapendekeza ugonjwa wa akili utangazwe dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ile ya zamani ikafanyiwa marekebisho, na sasa kaunti zinatakiwa kutoa huduma ndani ya jamii, karibu na watu wanakoishi. Ukiongeza Katiba ya 2010, ambayo imeweka ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya taifa, unaona kwamba kwenye karatasi mlango uko wazi kabisa.

Kilichobaki ni kuingia na kuona viti vimepangwaje.

*

Nilipata nafasi ya kuingia. Ofisi moja, sitaitaja, iliita kikao cha kukusanya maoni kuhusu huduma za akili mitaani. Viti vya plastiki, maji ya chupa, projekta inayokataa kuwaka. Tulikuwa watu kumi na wawili tunaouguza jamaa zetu, na kumi kati yetu ni wanawake. Hilo halikumshangaza mtu.

Ratiba ilikuwa imebandikwa mlangoni. Saa tatu hadi saa nne, ushuhuda wa familia. Saa nne, chai. Baada ya chai, kupanga mikakati. Na kando ya hiyo "mikakati" kulikuwa na maelezo madogo kwamba wanafamilia wako huru kuondoka, nauli watachukua nje.

Ile saa ya kwanza ilikuwa nzito. Mama mmoja alisimulia jinsi alivyouza cherehani yake. Msichana mmoja, nadhani hajafika miaka ishirini, alisimulia jinsi hufunga mlango wa chumba chake kwa kiti kila usiku. Watu wa ofisi walifuta macho, na walikuwa wakweli, sitawasingizia. Mmoja aliomba kurekodi kwa simu.

Kisha maikrofoni ikafika kwa mzee mmoja anayemuuguza mke wake tangu wajukuu wake hawajazaliwa. Alikaa nayo kimya kidogo. Akasema, "Samahani, mwanangu. Sisi tumeitwa hapa kutoa machozi ama kutoa mpango? Kwa sababu machozi nimeacha nyumbani. Mpango nimekuja nao." Akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti.

Ilikuwa na mambo matatu. La kwanza: mgonjwa akikaribia kuruhusiwa kutoka wodini, familia ipigiwe simu siku moja kabla, kwa sababu mke wake aliwahi kutolewa peke yake, akatembea kwa miguu hadi nyumbani, na kule alikuta mlango umefungwa. La pili: dawa ikiisha hospitalini, watu watumiwe ujumbe kabla hawajapanda matatu mbili kuja kuambiwa hakuna. La tatu: sindano ya kila mwezi isiwe ya Alhamisi peke yake, maana Alhamisi ni siku ya soko kwao, na soko ndilo linalolipa matatu.

Hakuna hata moja kati ya hayo iliyohitaji shahada. Lakini hakuna aliyesoma shahada ambaye angeyajua, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kuchagua kati ya soko na sindano.

Chai ilichelewa. Wanne kati yetu tuliambiwa tubaki kwenye mikakati. Zamu yangu ilipofika nikaweka daftari mezani, nikaomba maswali mawili tu yaongezwe kwenye kadi ya kliniki. La mgonjwa: "Dawa hii inakuzuia kufanya nini?" La mtu wa nyumbani: "Umeona nini?"

Jibu la kwanza lilikuwa lile unalolitarajia. Hakuna muda, foleni ni ndefu, wahudumu ni wachache. Yote kweli. Nimekaa kwenye hizo foleni, najua. Lakini nesi mmoja, mama wa makamo aliyekuwa kimya asubuhi yote, akasema, "Hilo swali litaniokolea muda. Anayekula muda wangu ni yule anayerudi wodini kila baada ya miezi mitatu, na mimi sijui kwa nini anarudi."

Nitakuambia kilichotokea, bila kuongeza chumvi. Simu kabla ya kuruhusiwa ilianza, kwa sababu ilihitaji rejista na kredo tu. Siku ya sindano sasa ni mbili. Yale maswali mawili hayakuchapishwa kwenye kadi, ati kadi zilikuwa zimeshachapishwa nyingi, lakini yule nesi alienda mjini akatengenezesha muhuri. Kwenye kliniki moja, kila kadi mpya inapigwa muhuri wenye maswali mawili, ukiwa umepinda kidogo upande wa kushoto. Ujumbe wa dawa kuisha haukufanyika, hakuna bajeti. Bado watu wanapanda matatu mbili na kuambiwa hakuna.

*

Kuna jambo jingine ambalo watu wakisifia "sauti ya familia" huwa hawalitaji, na mimi siwezi kuliruka.

Niliporudi kutoka kile kikao, kaka alikuwa anapika. Akaniuliza, bila kugeuka, "Ulienda kwa niaba ya nani?"

"Yangu," nikamwambia.

"Sawa. Wewe sema yako. Yangu nitasema mimi."

Kikao cha pili akaja. Alivaa shati la harusi ya binamu yetu. Siku hiyo mama mmoja aliomba kwamba polisi wafike haraka zaidi wanapoitwa, kwa sababu mwanawe akipanda juu huvunja vitu na yeye yuko peke yake na watoto wadogo. Alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa na sababu. Wengi tulitikisa kichwa kukubali. Kaka akainua mkono. Akakunja mikono ya shati, akaonyesha kifundo chake cha kulia, mahali pingu ziliacha alama ambayo haijawahi kuondoka.

"Mama, nakuelewa," akasema. "Lakini wewe ndiye hupiga simu. Mimi ndiye hubebwa."

Hakuna aliyeshinda siku hiyo. Mama hakuacha kuogopa, na alama ya kaka haikufutika. Lakini nililiona jambo wazi: mtu wa mgonjwa na mgonjwa si mtu mmoja. Kuna siku tunataka vitu tofauti, na siku hiyo ndiyo huwa mbaya kuliko zote. Ofisi ikisema "tumesikiliza familia" halafu ifunge faili, imesikiliza upande mmoja wa pembetatu ikauita pembetatu nzima. Nimeona mikutano ambapo ndugu wako wanane na mgonjwa hata mmoja hayuko, na kila mtu anaona sawa.

Mazungumzo ya siku hiyo yalitupeleka kwenye wazo moja, na sisi tulilifanya nyumbani wiki hiyo hiyo. Mpango unaandikwa mtu akiwa mzima, ili ufuatwe asipokuwa mzima. India wameliweka jambo hili kwenye sheria yao ya mwaka 2017: mtu anaweza kuandika mapema anavyotaka kutibiwa na asivyotaka, na kumteua wa kumwakilisha. Yetu haina mhuri wa mahakama. Imeshikiliwa kwenye friji na sumaku ya kampuni ya gesi. Lakini aliiandika yeye, kwa mkono wake, na imetiwa sahihi mbili.

Ameniruhusu ninukuu sehemu. "Nikilala masaa matatu siku mbili, nitampa dada PIN ya M-Pesa. Nisipompa, aombe tena kesho yake, asigombane." "Aitwe binamu mwenye gari kwanza. Polisi wawe wa mwisho kabisa." "Nisiitwe kwa sauti mbele ya majirani." "Niulizwe kwanza, hata kama jibu langu litakuwa la kijinga."

Tumeitumia mara moja tangu iandikwe. PIN ilichelewa siku moja. Binamu alikuja. Hospitalini alikwenda akiwa amekaa kiti cha mbele, amefunga mkanda, akimkosoa binamu jinsi anavyoendesha.

*

Kuna watu huniuliza, wasomaji wa rika letu hasa, kama haya yote hayafai kuachiwa wataalamu. Tuna kazi, tuna data ya kununua, tuna maisha. Naelewa. Lakini angalia mambo yanavyoenda. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja, kila mmoja na mkoba. Ndani kuna mashine ya presha na ya kupima sukari. Wa kwetu anaijua ploti yetu kwa majina. Mama akija kutoka ushago, yeye ndiye humpima presha kabla hata hajaletewa chai. Kama kuna mtu anayeweza kugonga mlango na kuuliza, "Wiki hii mmelala?", ni yeye. Hakuna mashine ya swali hilo, na haihitajiki. Kinachohitajika ni mtu kuketi na kuamua kwamba liulizwe, afundishwe jinsi ya kuliuliza, na alipwe kwa wakati ili aendelee kuja. Huo uamuzi hufanywa kwenye vyumba vyenye viti vya plastiki. Asiyekuwepo haandikiwi.

Kwa hivyo ukiitwa, nenda. Uliza ratiba kabla, uone kama jina lako liko baada ya chai. Uliza kama ndugu yako ameitwa pia, na kama hajaitwa, uliza kwa nini. Omba nauli, na omba malipo ya siku pia, kwa sababu wote walioko mbele wanalipwa kuwa pale, na wewe umefunga biashara. Nenda na karatasi yenye mambo matatu, yasizidi, ya aina ambayo mtu anaweza kuyafanya Jumatatu. Hadithi yako isimulie ukitaka. Usipotaka, isiwe ndiyo tiketi ya kuingilia.

Kabla ya kutuma haya nilimpa kaka asome. Alisoma kibandani, kati ya wateja wawili, miwani ikiwa imeshuka puani. Alifuta aya mbili, na sikumwuliza sababu. Pale kwenye skrubu nilikuwa nimeandika punje ya mchele. Akaandika mtama, maana yeye ndiye huzishika. Halafu akaongeza sentensi moja, akasema iwe ya mwisho na isiguswe:

Kibanda hufunguliwa saa mbili asubuhi, na skrini za Samsung zimefika.